Kitenzi au kielezi? Mwongozo kamili wa kutofautisha maneno ya Kiingereza bila kubahatisha

Kila wiki naletewa madaftari ya kusahihisha, na kila wiki nalikuta kosa lilelile. Swali linasema: pigia mstari kitenzi. Sentensi ni "He came late." Mwanafunzi kapigia mstari "late". Ukimuuliza sababu, anajibu bila kusita: late ni kuchelewa, na kuchelewa ni kitenzi.

Hoja yake ni nzuri, ila ni ya Kiswahili. Kwetu "kuchelewa" ni kitenzi kweli: nimechelewa, utachelewa, wasichelewe. Kwenye sentensi ile ya Kiingereza, neno linalobeba kitendo na wakati ni "came". Neno "late" limekuja kueleza tu kwamba huko kuja kulikuwa nje ya muda. Ndiyo maana hata wanafunzi wenye akili nyepesi wananaswa hapa: wanatafsiri kwanza, kisha wanataja aina ya tafsiri yao badala ya aina ya neno lililoandikwa.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Hutauliza neno lina maana gani kwa Kiswahili. Utalijaribu, kama unavyoitikisa nazi sokoni kabla ya kutoa hela.

## Vitu vya kuandaa

Daftari, na kalamu mbili za rangi. Nyekundu itakuwa ya vitenzi, bluu ya vielezi. Rangi inasaidia kwa sababu mara nyingi kielezi hukaa katikati ya vitenzi viwili, na mstari wa rangi moja utavimeza vyote.

Kipande cha Kiingereza cha sentensi 6 hadi 10. Gazeti linafaa, kitabu cha hadithi kinafaa zaidi.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza inayoonyesha aina ya kila neno. Humo "v" ni kitenzi, "adv" ni kielezi, "adj" ni kivumishi. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili iache kabatini kwa leo. Utaona sababu kwenye hatua ya kwanza.

Dakika 40 na mahali ambapo unaweza kusoma kwa sauti. Hatua ya 4 na ya 6 zinategemea sikio.

Jikumbushe pia kazi za maneno haya mawili. Kitenzi kinasema mtu au kitu kimefanya nini, au kiko katika hali gani, na ndicho kinachoshika wakati. Kielezi kinaongeza habari: namna gani, lini, wapi, mara ngapi, kiasi gani. Kielezi huweza kufafanua kitenzi, kivumishi, kielezi kingine, au hata sentensi nzima.

## Hatua ya 1: Weka tafsiri pembeni

Soma sentensi mara moja uelewe inazungumzia nini, halafu acha kutafsiri.

Kiswahili na Kiingereza havigawi kazi kwa namna moja. Kiswahili kinapenda kukusanya mambo ndani ya kitenzi: nafsi, wakati, ukanushi, mazoea, yote yamo humo humo. Kiingereza kinayatoa nje na kuyapa maneno yake, na mengi ya maneno hayo ni vielezi. Tazama mifano hii polepole, maana hapa ndipo mzizi wa tatizo ulipo:

- "Ameshakula" ni neno moja. Kwa Kiingereza ni "She has already eaten." Ile -sha- imegeuka "already", na "already" ni kielezi.
- "Hunywa chai" ina hu- ya mazoea. Kwa Kiingereza ni "She usually drinks tea." Ile hu- imekuwa "usually", kielezi.
- "Hajafika" ni "He has not arrived yet." Hapo "not" ni kielezi na "yet" ni kielezi.
- "Aliwahi" ni "She came early." Kitenzi chetu kimegawanyika: "came" ni kitenzi, "early" ni kielezi.
- "Alirudi" ni "came back", "alitoka" ni "went out", "aliondoka" ni "went away", "aliketi" ni "sat down". Kila mara neno la kwanza ni kitenzi na la pili ni kielezi.
- "Alirudia kuimba" ni "She sang again." Tulichokisema kwa kitenzi "rudia", wao wanakisema kwa kielezi "again".

Mtego huu unafanya kazi upande wa pili pia. Sisi tunasema "Lazima uende." Neno "lazima" halina nafsi wala wakati, kwa hiyo mwanafunzi akikutana na "You must go" anaiandika "must" kuwa kielezi. Si kielezi. Ni kitenzi kisaidizi. Vilevile "Huenda mvua ikanyesha" ni "It may rain", na "may" ni kitenzi kisaidizi, ingawa "huenda" na "labda" kwetu tunavihesabu kuwa vielezi.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hulipita. Katika Kiswahili "sokoni" ni kielezi cha mahali, neno moja limetosha. Kwa Kiingereza "to the market" ni maneno matatu: kihusishi "to", kibainishi "the" na nomino "market". Yakiwa pamoja yanafanya kazi ya kielezi, lakini ukiulizwa neno moja moja, hakuna kielezi hata kimoja hapo. Linganisha na "She went home." Hapa "home" lenyewe ni kielezi, tayari lina ile maana ya "nyumbani" yote. Ndiyo sababu "went to home" ni kosa. Kosa hilo nalisikia hata kwa watu wazima waliosoma sana, na chanzo chake ni kutojua kwamba "home" limesimama kama kielezi.

Tahadhari. Usiandike aina ya neno lolote katika hatua hii. Kazi yako ni kuyatilia shaka tu.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mwenzako kwa nini "kuchelewa" ni kitenzi na "late" katika "He came late" si kitenzi, bila kujikanyaga.

## Hatua ya 2: Lijaribu neno kwa nyakati

Kitenzi cha Kiingereza hubadilika sura kufuata wakati na nafsi. Kielezi hakibadiliki kwa ajili hiyo. Basi chukua neno unalolitilia shaka na ulipitishe kwenye sentensi hizi nne, ukiliweka penye nafasi:

1. Every day she ___ (ongeza -s au -es)
2. Yesterday she ___ (weka sura ya wakati uliopita)
3. Now she is ___ (ongeza -ing)
4. She does not ___ (usiongeze kitu)

Jaribu na "walk": walks, walked, walking, does not walk. Limepita kote, ni kitenzi. Jaribu na "quickly". Ukilipachika -ed au -ing unapata kitu ambacho hakuna anayekisema popote. Jaribu "soon", "often", "here". Yote yanakataa.

Mimi naitegemea zaidi sentensi ya nne. Kitenzi huingia pale kikiwa kitupu, bila -s wala -ed, kwa hiyo huna haja ya kukumbuka kama wakati uliopita wa "catch" ni "caught". "She does not sleep" imekamilika. "She does not often" inabaki inaning'inia, msikilizaji anangoja: hafanyi nini mara kwa mara? Kama kitenzi kinadai shamirisho, yaani kitu kinachotendewa, kiongezee "it": "She does not carry it."

Usiishie kwenye jaribio moja. Yapo matano yanayowaangusha watu:

- Vitenzi kama put, cut, hit, shut, hurt, let na cost vina sura ileile wakati uliopita. Ukitumia sentensi ya pili peke yake utadhani si vitenzi. Sentensi ya kwanza na ya tatu zinaviumbua: puts, putting.
- Si kila -s mwishoni ni ya kitenzi. "Always", "sometimes", "perhaps" na "upstairs" ni vielezi vilivyozaliwa na -s yao.
- Si kila -ing ni ya kitenzi. "Morning", "nothing" na "ceiling" si vitenzi, na "during" ni kihusishi. Ondoa -ing uone kinachobaki: "morn" na "ceil" havitakupa kitendo unachokijua.
- Si kila -ed ni ya kitenzi pia. "Hundred" na "naked" zinaonekana kama wakati uliopita, lakini hakuna kitendo cha "hundr".
- Vitenzi visaidizi vingine havipiti kwenye sentensi hizi hata kidogo. Hivyo vina hatua yake, inayofuata.

Utajua umefaulu kipande chako kikiwa na mistari myekundu chini ya vitenzi vikuu, na kila sentensi kamili ina angalau mstari mmoja. Sentensi isiyo na mwekundu hata mmoja, kuna kitenzi kimekuponyoka.

## Hatua ya 3: Wasake visaidizi na vikundi vilivyokatwa

Vitenzi visaidizi vya Kiingereza ni vichache, na hapa sioni njia nyingine isipokuwa kuvikariri. Vya kwanza ni tisa: can, could, may, might, shall, should, will, would, must. Havichukui -s, havichukui -ing. Kisha jamaa ya "be": am, is, are, was, were, be, been, being. Kisha "have" na "do" pamoja na sura zake.

Vikishakaa kichwani, tatizo la pili linaonekana wazi: kielezi hupenda kujipenyeza kati ya kisaidizi na kitenzi kikuu.

- "She has never seen snow."
- "They will probably come."
- "He is always complaining."
- "The old man can hardly walk."

Katika sentensi ya kwanza, nyekundu ni "has" na "seen". Neno "never" lililobanwa katikati ni la bluu. Usichore mstari mmoja mrefu kutoka "has" mpaka "seen". Vunja mstari, ruka "never", endelea. Nimeona watu wakipoteza alama kwa mstari mrefu tu, ilhali jibu walikuwa nalo.

"Never" inawasumbua wengi kwa sababu inakanusha, na sisi ukanushi wetu uko ndani ya kitenzi: hasomi, hakusoma, hatasoma. Kwa Kiingereza "not" na "never" vinakaa nje, na vyote viwili ni vielezi. Ukikuta "don't" au "won't", yapasue kwanza: "don't" ni "do" na "not", "won't" ni "will" na "not". Sehemu ya kwanza nyekundu, ya pili bluu.

Kisha kuna "maybe" na "may be". Sikio halitakusaidia, angalia nafasi kati ya maneno. Yakiunganishwa ni kielezi kimoja: "Maybe she is sick." Yakitenganishwa ni vitenzi viwili: "She may be sick." Ukiwa unaandika mwenyewe na huna uhakika, weka "perhaps" mahali pake. "Perhaps she is sick" inakubali, basi andika neno moja. "She perhaps sick" haikubali, imekosa kitenzi, basi andika mawili.

Utajua umefaulu ukiweza kuonyesha kila kisaidizi na kitenzi kikuu kinachokitegemea, hata kama kuna neno la bluu kati yao.

## Hatua ya 4: Sikiliza mwisho wa maneno yenye -ly

Kanuni inayofundishwa kila mahali ni kwamba neno linaloishia na -ly ni kielezi. Kanuni hii ni nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayotungiwa mitihani.

Soma kwa sauti: slowly, badly, carefully, suddenly. Mwisho unasikika "li".

Sasa soma: rely, reply, apply, supply, comply, multiply, fly. Mwisho unasikika "lai". Hivi vyote ni vitenzi. Mmoja unamjua tayari, maana watu wanasema kila siku "nimeaplai kazi" wala hawajawahi kusema "nimeslowli". Ukisikia "lai", shika kalamu nyekundu, kisha thibitisha kwa hatua ya 2: relies, replied, applying.

Wapo wachache wanaosikika "li" na bado huwa vitenzi, kama "bully", "rally" na "tally". Hayo huwa nomino pia, kwa hiyo usiyahukumu kwa sikio. Yatie kwenye sentensi: "The big boys bully him" ni kitenzi.

Kwa maneno mengine ya "li", ondoa -ly utazame kilichobaki. Kikibaki kivumishi, ulikuwa na kielezi: slow, bad, careful, sudden. Kikibaki nomino, mara nyingi ulikuwa na kivumishi: friend, love na coward vinatupa friendly, lovely na cowardly, ambavyo si vielezi wala vitenzi. Ndiyo maana "He spoke friendly" haisimami vizuri. Sema "in a friendly way". Kumbuka tu tahajia inaweza kuwa imebadilika njiani: "happily" ilitoka kwa "happy", "gently" ilitoka kwa "gentle".

Na maneno kama "family", "July" na "jelly" ni nomino tupu.

Tahadhari. Vielezi vingi vinavyotumika kila siku havina -ly kabisa: now, then, here, there, soon, often, never, always, again, very, too, quite, almost, just, still, yet, today, tomorrow, yesterday, well. Anayetafuta -ly peke yake atayapita yote haya.

## Hatua ya 5: Thibitisha kielezi kwa kukihamisha na kukifuta

Mpaka hapa bluu zako ni za kushuku tu. Kila moja iulize maswali: namna gani? lini? wapi? mara ngapi? kiasi gani? Likijibu mojawapo, lihamishe.

"He opened the door slowly."
"He slowly opened the door."
"Slowly he opened the door."

Sentensi imesimama mara tatu. Sasa jaribu kukihamisha kitenzi: "Opened he slowly the door." Imeporomoka. Kitenzi ni nguzo ya nyumba, kielezi ni kiti. Kiti unakisogeza, nguzo huigusi.

Kisha kifute. "He opened the door" bado ni sentensi. Ukifuta "opened" inabaki "He the door slowly", ambayo haisemi kitu.

Majaribio haya yana mipaka, na ni vema uijue mapema. "Very", "too", "quite" na "almost" hayahamihami ovyo, yanang'ang'ania neno yanalolifafanua: "very tall", "too hot", "almost always". Na kuna vitenzi vinavyokitaka kielezi chake hata kukifuta kunaumiza sentensi: "He put the bag there" ukiondoa "there" inabaki pungufu. Kwa maneno hayo, swali la wapi au kiasi gani lina nguvu zaidi kuliko kufuta.

## Hatua ya 6: Maneno yenye sura mbili

Haya ndiyo ninayoyapenda kuyafundisha, kwa sababu yanamlazimisha mtu kuangalia sentensi na kuacha kukariri orodha. Neno lilelile ni kitenzi leo na kielezi kesho.

Fast. "My father drives fast" ni kielezi, anaendesha kwa kasi. "My father fasts in Ramadan" ni kitenzi, anafunga. Ile -s imekuambia yote. Katika "Many people fast in Ramadan" -s haipo kwa sababu kiima ni wingi, lakini tafuta kitenzi kingine kwenye sentensi. Hakuna. Basi "fast" ndiyo kitenzi. Na katika "a fast car" ni kivumishi, kwa kuwa linafafanua gari.

Live. "We live here" ni kitenzi, na linatamkwa "liv". "The match was shown live" ni kielezi, na linatamkwa "laiv", lile lile la matangazo ya laivu. Herufi ni zilezile, sauti ndiyo inayotenganisha.

Close. "Close the window" ni kitenzi, mwisho una sauti ya z. "Stay close to me" ni kielezi, mwisho una sauti ya s.

Back. "He backed the lorry into the yard" ni kitenzi, alirudisha lori kinyumenyume. "Come back" ni kielezi.

Hard na hardly. Hapa hakuna kitenzi, lakini siwezi kuyaacha kwa sababu yanaharibu barua za kuomba kazi. Yote mawili ni vielezi na maana zake zinapingana. "I work hard" ni nafanya kazi kwa bidii. "I hardly work" ni sifanyi kazi karibu kabisa. Mtu aliyezoea kuongeza -ly ili apate kielezi huandika "I work hardly" akidhani anajisifu.

Mbinu ya maneno haya ni moja: hesabu vitenzi vya sentensi kwanza. Kama sentensi tayari ina kitenzi kilichoshika wakati, neno linalokutatiza huenda ni kielezi. Kama haina, neno hilo ndilo kitenzi chenyewe.

Utajua umefaulu ukitunga sentensi mbili za "fast" na mbili za "live" zenye aina tofauti, na mwenzako akazitambua bila kukuuliza.

## Hatua ya 7: Fanya kipande kizima

Nakili sentensi hizi sita kwenye daftari, acha mstari mmoja mtupu kati ya kila mbili, kisha uzipake rangi kabla ya kusoma majibu:

*My grandmother wakes up early. She never complains. Yesterday she walked slowly to the market and bought fresh fish. The fish was still wet. She may be old, but she rarely relies on anybody. Maybe I will go there with her tomorrow.*

Ukimaliza unatakiwa uwe na maneno 10 mekundu na 10 ya bluu.

Mekundu: wakes, complains, walked, bought, was, may, be, relies, will, go.

Bluu: up, early, never, yesterday, slowly, still, rarely, maybe, there, tomorrow.

Sasa twende kwenye zile zinazokosewa. "Early" hupakwa nyekundu na wanaofikiria "kuwahi". Jaribu "She does not early" na utasikia inavyokataa. "Relies" hupakwa bluu kwa mazoea ya -ly, hasa mtu akilirudisha kwanza kwenye "rely". Sauti ya "lai" na ile -ies vinaonyesha ni kitenzi. "Still" linajibu swali la lini, samaki alikuwa bado hajakauka, na kitenzi "was" kiko palepale ubavuni. "To the market" hatukuipaka rangi kwa sababu tunahesabu neno moja moja. "Fresh", "wet" na "old" ni vivumishi.

Kuhusu "wakes up", baadhi ya walimu huvihesabu pamoja kuwa kitenzi kimoja cha maneno mawili. Hawajakosea. Mimi nasema hivi: swali likitaka kitenzi cha sentensi, andika "wakes up", likitaka aina ya kila neno, "wakes" ni kitenzi na "up" ni kielezi. Soma swali mara mbili kabla ya kujibu.

Ukipata chini ya 16 kati ya 20, usirudie mwongozo wote. Tazama ulikosea rangi gani. Kama bluu nyingi zimegeuka nyekundu, bado unatafsiri, rudi hatua ya 1. Kama nyekundu zimekuponyoka, rudi hatua ya 3 ukakariri visaidizi.

## Hatua ya 8: Andika sentensi zako

Kutambua ni kazi moja, kuweka neno mahali pake ni nyingine. Kanuni mbili zitakuokoa na makosa mengi.

Ya kwanza: usikiweke kielezi kati ya kitenzi na shamirisho lake. Kiswahili kinaruhusu "Anazungumza vizuri Kiingereza", Kiingereza hakiruhusu "She speaks well English". Sema "She speaks English well."

Ya pili: vielezi vya mara ngapi, kama always, often, usually na never, hukaa kabla ya kitenzi kikuu lakini baada ya "am, is, are, was, were". Kwa hiyo ni "She always comes", ila ni "She is always late." Aliyeshindwa kutenganisha kitenzi na kielezi hawezi kuifuata kanuni hii, maana hajui kipi kitangulie.

Andika sentensi tano kuhusu siku yako ya jana, kila moja ikiwa na kitenzi kimoja na kielezi kimoja, na angalau vielezi viwili visiwe na -ly. Zipake rangi. Kisha kesho asubuhi, kabla hujazisoma tena, zinakili upya bila rangi na uzipake kwa mara ya pili. Weka kurasa hizo mbili sambamba. Neno lililobadilika rangi kati ya jana na leo ndilo la kulitafuta kwenye kamusi.